Kula Barabarani Lubumbashi: Mwongozo Kamili wa Chakula cha Mbabula, cha Meza na cha Mkokoteni

Anayefika Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuuliza chakula kizuri cha barabarani kinapatikana wapi huelekezwa mahali fulani, naye akifika hapo mara nyingi hukuta mambo yamekwisha kubadilika. Kona ambayo alfajiri ilikuwa na mama anayekaanga mikate, jua likipanda hukaliwa na muuzaji wa unite za simu, yaani muda wa maongezi, adhuhuri huwekwa sufuria za bukari, yaani ugali, na mboga ya sombe, na giza likiingia huwashwa makala, yaani mkaa, kwa ajili ya michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Kila mmoja wa wauzaji hawa ana saa yake, na wateja wake wanaijua. Ndiyo maana mwongozo huu haukupangwa kwa anwani. Umepangwa kwanza kwa majira ya mwaka na sehemu za siku, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomwezesha mgeni, na hata mwenyeji aliyezoea kula nyumbani tu, kukikuta chakula kingali motoni.

Ninaposema chakula cha barabarani ninajumlisha vyote vinavyouzwa nje ya kuta za mkahawa: kinachopikwa juu ya mbabula, yaani jiko la makala la bati au chuma, kinachopangwa juu ya meza ya mbao, kinachosukumwa kwenye mkokoteni, na kinachotembezwa katika beseni kichwani. Atakayetafuta vyenye magurudumu peke yake atapata matunda, miwa na vitafunwa, lakini mapishi yenyewe atayapita bila kuyaona.

Inafaa pia kujua kwa nini mji huu unakula unavyokula. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ikaitwa Élisabethville, na mwaka huohuo reli iliyotoka kusini ikafika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikusanya wafanyakazi kutoka bonde la Luapula, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kwingineko, ikawalisha kwa posho iliyojengwa juu ya unga wa mahindi. Unga huo mwingi ulinunuliwa upande wa kusini, na mpaka leo mahindi na unga wa Zambia huingia kupitia mji wa mpakani wa Kasumbalesa. Hiyo ndiyo sababu bukari ya Lubumbashi ni ya mahindi, ingawa wapo wanaochanganya unga wa muhogo, na ndiyo sababu mboga zake zina majina na ladha za Wabemba, Waluba, Walunda na watu wa Kasai pamoja. Anayekula barabarani hapa anakula historia ya kambi za wafanyakazi, na nadhani chakula hicho kinastahili uangalifu uleule unaopewa majengo ya zamani ya katikati ya mji.

Hatua ya kwanza: tazama kalenda kabla ya kutazama ramani

Mvua za Lubumbashi huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi. Oktoba ndio mwezi wa joto kali zaidi. Juni na Julai ni baridi, kwa kuwa mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kila kipindi kina meza yake.

Mvua zinapokaribia na mwanzoni mwake huja masuku, matunda ya porini ya rangi ya kahawia yenye nyama tamu na laini, ambayo huuzwa kwa mafungu kando ya barabara zinazoingia mjini. Maembe hufuata kwa wingi. Ardhi ikishalowa, kumbikumbi, ambao hapa huitwa nswa, huruka usiku, na kesho yake huuzwa wakiwa wamekaangwa kwa chumvi bila kuongezwa mafuta, kwa sababu wana mafuta yao wenyewe. Hicho pia ndicho kipindi cha uyoga na cha viwavi wa msitu wa miombo, ambao wasemaji wa Kibemba huwaita finkubala. Uyoga huuzwa mbichi, hivyo si chakula cha kula umesimama, lakini usikose kuuona: ule mkubwa unaoota juu ya vichuguu vya mchwa, ambao wataalamu waliupa jina Termitomyces titanicus, unaweza kuwa na kofia ya upana wa karibu mita moja, na muuzaji huusimamisha kando ya njia ili magari yauone kwa mbali. Viwavi waliokaushwa hupatikana mwaka mzima, ila wale wabichi wa msimu, waliokaangwa na kitunguu na nyanya, ni laini na hawana ile harufu ya ghala.

Mvua zikielekea mwisho, mahindi mabichi hutawala. Utayakuta yakichomwa juu ya mbabula karibu kila njia panda, na mengine yakichemshwa pamoja na maganda yake. Baada ya hapo huja karanga mpya, zinazochemshwa na ganda, na viazi vitamu. Kiangazi nacho ni kizuri kwa mlaji wa jioni: hakuna mvua ya kuzima moto, na baridi huwafanya watu wakae karibu na makala. Kasoro yake ni vumbi. Kwenye barabara zisizo na lami, epuka kitu chochote kilichowekwa wazi bila kifuniko kuanzia mchana, hata kama muuzaji ni msafi kiasi gani.

Hatua ya pili: igawe siku

Alfajiri ni saa ya uji na mikate. Mikate inayokusudiwa hapa ni ile ya duara, ya unga wa ngano uliochachushwa, inayotupwa kwenye mafuta kwa mkono na kutoka ikiwa imejaa hewa ndani. Uji huwa wa mahindi, wa soya au wa mtama, mara nyingine ukiwa na karanga zilizosagwa. Waendao kazini na wanafunzi humaliza vyote mapema, kwa hiyo anayelala hadi jua kuwa kali asitegemee kuvikuta. Mikate iliyobaki mchana bado inaliwa, lakini imekwisha kunyonya mafuta na kuwa mizito.

Kati ya asubuhi na adhuhuri ni zamu ya wanaotembea: mayai ya kuchemsha yanayobebwa kwenye trei pamoja na chumvi na pilipili, muhogo na karanga, ndizi, parachichi, miwa iliyokatwa na kumenywa. Saa hizi hazihitaji mpango, kwani wauzaji watakukuta ulipo.

Adhuhuri ni ya sahani. Mama huweka sufuria tatu au nne chini ya mwavuli au paa la turubai, na mteja huchagua mboga zake: sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, lengalenga, yaani mchicha, mara nyingi ukiwa umepikwa na karanga, maharagwe, samaki wadogo wakavu, nyama ya mchuzi. Bukari huwekwa kando, moto, na maji ya kunawa huletwa. Usichelewe. Sufuria zilizopikwa kwa ajili ya adhuhuri huwa bora zaidi saa ile ile, na alasiri hubakia zile zilizopoa.

Jioni ni ya moto. Tangu jua linapozama hadi watu wanapoondoka kwenye buvette, yaani vibanda vya vinywaji, michopo, mishikaki, samaki wa kuchoma, kuku, chipsi na soseji hupikwa mbele ya macho yako. Kwa mtu mwenye nafasi ya mlo mmoja tu mjini, ningemshauri alale mchana na kuamka jioni kuliko kumshauri kinyume chake.

Hatua ya tatu: chagua eneo moja na ulijue

Mji una komini, yaani manispaa, saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Kujaribu kuzila zote kwa siku moja ni kupoteza siku kwenye taxi-bus. Anza na Kenya na Kamalondo, ambazo zinapakana na ziko karibu na katikati ya mji. Soko la Kenya ni kubwa, na mitaa inayolizunguka haikosi mtu anayepika saa yoyote ya mchana. Kamalondo ni mtaa wa zamani wa Waafrika wa wakati wa ukoloni, wenye desturi ndefu ya baa, muziki na nyama ya kuchoma jioni, na humo ndimo ulimo uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011. Uwanja wa Kibassa Maliba uko Kenya. Siku ya mechi, na hasa Mazembe inapokutana na Saint-Éloi Lupopo, timu mbili zilizoanzishwa mwaka mmoja, 1939, wauzaji wa karanga, mayai na michopo huja kwa wingi usiouona siku za kawaida. Nenda mapema, ule kabla ya mpira kuanza; baada ya filimbi ya mwisho umati ni mkubwa na moto hautoshi.

Katikati ya mji, kuzunguka soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila, chakula cha mchana ndicho chenye nguvu, kwa sababu wanaokula ni wafanyakazi wa ofisi na wafanyabiashara. Karibu na majengo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi utapata vya bei nafuu, vya kushibisha, kwa kuwa mwanafunzi ni mteja anayehesabu. Katuba na Ruashi zinafaa kwa ziara ya pili, ukiwa na mwenyeji wa huko. Ninasema hivyo kwa sababu ya umbali na kwa sababu ya usiku: wizi wa barabarani upo, na mtu asiyejua njia hapaswi kutembea kwa miguu giza likiwa limeingia. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kuketi.

Hatua ya nne: tayarisha fedha ndogo

Dola hutumika sana mjini, lakini mbabula haina chenji ya dola. Badilisha mapema upate faranga za Kongo, na uombe noti za 500, 1,000 na 5,000; ile ya 20,000, ambayo ni kubwa kuliko zote, itamhangaisha mama wa mikate alfajiri. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, kwa hiyo ichunguze kabla ya kuipokea. Wauzaji wa jioni wengi hupokea malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ila uliza kabla ya kuagiza. Weka fedha za kula mfuko mmoja na fedha nyingine mahali pengine, usihesabu noti nyingi barabarani.

Hatua ya tano: simama, utazame, kisha ununue

Dakika chache za kutazama ndizo kinga bora uliyo nayo. Kanuni ya msingi ni joto. Vijidudu vinavyoharibu chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 hivi, yaani katika uvuguvugu. Kinachotoka motoni kikiwa na mvuke ni salama kuliko kilichopikwa vizuri zaidi asubuhi kisha kikakaa kwenye sufuria iliyofunikwa hadi alasiri. Wali unahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Bukari husongwa mara kwa mara na kuisha haraka, hivyo ina nafuu hapo.

Kisha tazama maji. Je, sahani huoshwa katika beseni moja tangu asubuhi, au maji hubadilishwa? Je, maji ya kunawa humiminwa kutoka kwenye jagi au bidoni, au kila mteja huchovya mikono katika bakuli lile lile? Kipindupindu na taifodi husafiri kwa maji, na msimu wa mvua, mifereji inapofurika, hatari huongezeka. Mwenye kumimina ndiye wa kuchagua. Kachumbari na matunda yaliyokwisha kukatwa yaache mpaka umjue muuzaji. Tunda linalomenywa mbele yako na yai ambalo unalimenya mwenyewe havina shida.

Tazama mafuta ya kukaangia. Mafuta yaliyogeuka meusi, yanayotoa povu na moshi kabla chakula hakijatiwa, yamepikiwa siku nyingi. Tazama ubao: nyama mbichi na nyama iliyoiva zikikatwa juu ya ubao mmoja kwa panga moja bila kufutwa, ondoka. Na karanga zitazame moja moja mkononi, utupe zilizokunjamana au zenye ukungu, kwa sababu ukungu wake unaweza kutoa aflatoksini, sumu inayodhuru ini na isiyoisha kwa kukaangwa.

Wenye mzio wa karanga wasome sentensi hii kwa makini: karanga zimo katika lengalenga nyingi, katika baadhi ya sombe, katika uji na katika kikanda, ambacho nakieleza katika hatua ya saba, na hazionekani. Uliza kabla ya kila sahani, na jibu likiwa la kusitasita, usile.

Hatua ya sita: agiza michopo inavyopaswa

Kama ungeruhusiwa chakula kimoja tu cha jioni Lubumbashi, kiwe hiki. Michopo ni nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya wavu, ikakatwakatwa vipande vidogo pamoja na mifupa yake, ikatiwa chumvi, kitunguu kibichi na pilipili, na kutolewa juu ya sahani au ndani ya karatasi. Huliwa kwa vidole, pamoja na bukari au shikwanga, yaani mkate wa muhogo. Unyenyekevu wa mapishi yake usikudanganye, kwani tofauti kati ya mchomaji hodari na mchomaji wa kawaida ni kubwa mno, na iko katika moto.

Mchomaji hodari hasubiri wateja ndipo awashe. Anawasha mapema, anaacha makala yafikie hali ya kuwa na jivu jeupe juu bila mwali, na nyama huiweka vipande vikubwa kwanza, ili juisi isikauke. Mafuta yakidondoka na mwali ukainuka, huisogeza nyama pembeni, kwa sababu mwali huunguza nje na kuacha ndani mbichi, tena huacha uchungu. Mteja anapofika, kipande kilichokaribia kuiva hurudishwa motoni kwa dakika chache za mwisho, ndipo kikatwe. Ukimkuta mtu anayepepea mwali mkubwa chini ya vipande vidogo, endelea na safari.

Sasa utaratibu wenyewe. Salimia kwanza. Omba kuonyeshwa nyama iliyopo, kisha uelekeze kwa kidole kipande unachokitaka. Mbavu zina mafuta na ladha nyingi, hukauka kidogo tu zikizidi moto. Paja lina nyama nyingi lakini linaweza kuwa gumu kwa mbuzi mzee. Bega liko katikati ya hayo mawili, nami ndilo ninalolichagua kila nikiwa na uchaguzi. Patana bei kabla panga halijashuka. Hili si jambo dogo: kipande kikishakatwa kimekuwa chako, na mazungumzo ya bei baada ya hapo ni ya kuudhiana. Baada ya kupatana unaweza kuomba matabishi, yaani kipande cha nyongeza, kwa tabasamu. Wengi watakupa, na asiyekupa usimlazimishe.

Sema namna unavyotaka iive. Neno la kutosha ni kwamba unataka iive kabisa, ikauke kidogo nje. Sema pilipili iwekwe kando, si juu, kama hujaizoea, kwa maana pilipili ya hapa hupondwa mbichi na haina huruma. Watu wengine hunyunyizia unga wa kiungo cha mchuzi juu ya nyama. Mimi naona nyama nzuri haihitaji, na unaweza kuomba isitiwe. Ukifungiwa ndani ya karatasi, angalia iwe safi na isiyo na wino wa maandishi, kwa sababu mafuta ya moto huyeyusha wino. Kisha ule hapo hapo. Michopo iliyobebwa hadi nyumbani hupoteza kila kitu ila chumvi.

Hatua ya saba: tafuta kikanda

Hiki ndicho chakula ambacho mgeni hukipita akidhani ni soseji au keki. Kikanda, ambacho upande wa Zambia huitwa chikanda, ni kipande kigumu kiasi cha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kinachouzwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka katika bonge kubwa, mara nyingi ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa. Hakina nyama hata kidogo. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini, ambazo ni mimea ya maua, vinavyochimbwa, kukaushwa na kutwangwa kuwa unga. Karanga zilizotwangwa huchemshwa na chumvi na pilipili, unga wa okidi hutiwa pamoja na maji ya majivu au bikaboneti, na vyote husongwa mpaka vishikamane. Kwa utaratibu wa kale, sufuria hufunikwa na makaa kuwekwa juu ya kifuniko, ili uso wa juu uoke.

Kikanda kizuri hukatika bila kuvunjika, kinanukia karanga, na kina ukavu kidogo kwenye ukingo. Kikiwa na utelezi juu au harufu ya kuchacha, ni cha jana au juzi. Kikanda huliwa kikiwa baridi, kwa hiyo kanuni ya joto haikusaidii hapa. Nunua asubuhi, kwa mama mwenye wateja wengi, kutoka katika bonge linalokatwa mbele yako.

Lipo jambo zito nyuma ya kipande hiki. Kuchimba kiazi cha okidi ni kuua mmea, na okidi hukua polepole. Mahitaji yalipopanda nchini Zambia, wachimbaji walivuka mipaka hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na okidi ni miongoni mwa sababu za kulindwa kwa uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Biashara ya okidi kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Sisemi usile, ni urithi wa wapishi wa eneo hili tangu zamani. Nasema kula kipande, si bonge, uulize viazi vimetoka wapi, na usisafirishe unga wake nje ya nchi.

Hatua ya nane: samaki

Lubumbashi haina ziwa kubwa la uvuvi, hivyo samaki wake wengi wamesafiri. Tangu enzi za ukoloni, Kasenga, bandari ya mto Luapula iliyo umbali wa kilomita 200 hivi, ililisha mji huu kwa samaki, na wafanyabiashara Wagiriki waliokaa huko waliifanya biashara hiyo kuwa kubwa. Samaki wa Luapula na ziwa Mweru wangali wanakuja, wabichi, wa moshi, au waliotiwa chumvi na kukaushwa, ambao huitwa bitoyo. Kapenta, wale wadogo wakavu, hupikwa na nyanya na kuliwa na bukari mchana. Wapo pia samaki wa bahari waliogandishwa kutoka Namibia, ambao wengi huwaita Thomson, na hao ndio wanaochomwa sana jioni.

Kwa samaki wa kuchoma, omba umwone kabla hajawekwa motoni: jicho liwe halijazama, mashavu yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Aliyegandishwa kisha akayeyuka tangu asubuhi hujulikana kwa tumbo lililolegea. Bitoyo ina chumvi nyingi sana. Mwenye shinikizo la damu aipite.

Hatua ya tisa: vinywaji

Kinywaji cha kutafuta ni munkoyo. Ni uji mwepesi wa mahindi uliotiwa mizizi iliyopondwa ya mmea wa porini wenye jina hilo. Mizizi huyeyusha wanga wa uji, ukawa mwepesi na mtamu bila sukari. Munkoyo wa siku ya kwanza ni mtamu na hauleweshi. Ukikaa huchachuka, na wengine huupenda hivyo. Uliza umetengenezwa lini, na kama maji yalichemshwa. Bia za mji ni Simba na Tembo za Brasimba, na jirani ya mchomaji mzuri hukosi kuzikuta baridi. Lutuku, pombe ya kunereka ya kienyeji, iache kabisa: hakuna anayepima kilichomo. Maji yawe ya chupa ambayo mhuri wake umeuvunja mwenyewe.

Hatua ya kumi: adabu

Usianze kwa kuuliza bei. Sema "Jambo mama, habari ya kazi?" na usubiri jibu. Mwanamke mtu mzima ni mama, mwanamume mtu mzima ni papa, na anayekuzidi umri kidogo ni yaya. Kijana anayesukuma mkokoteni mwite ndugu. Ukipewa, sema aksanti. Nawa kabla ya kugusa bukari, ule kwa mkono wa kulia. Picha ya chakula au ya mpishi iombe kwanza, na ukikataliwa usibishane: wauzaji wa kando ya njia huondolewa mara kwa mara na maofisa wa mji, na mtu mwenye kamera huwatia hofu ya kweli. Usijadiliane bei ya mkate mmoja au yai moja. Punguzo unaloliomba hapo ni sehemu kubwa ya faida ya mtu aliyeamka usiku kuwasha moto.

Hatua ya mwisho: andika, kisha urudi

Kila unapokula vizuri, andika mambo manne: kona, siku, saa, na jina ambalo wateja wanamwitia muuzaji. Usiandike kona peke yake, kwa sababu tulizozieleza mwanzoni. Rudi siku ile ile ya juma, saa ile ile. Mara ya pili utatambuliwa, na mara ya tatu utaanza kuulizwa kama unataka kile cha jana au kinachotoka motoni sasa. Wengi wana simu; ukiwa na wageni, mwarifu mchomaji asubuhi, akuwekee bega zima na akuambie saa ya kufika.

Kwa mwenye siku moja tu wakati wa kiangazi, ratiba iwe hivi: uji na mikate alfajiri karibu na soko la Kenya, kipande cha kikanda kabla jua halijawa kali, bukari na lengalenga katikati ya mji adhuhuri kamili, pumziko, munkoyo alasiri, kisha Kamalondo jua linapozama, michopo kwanza, samaki baadaye kama nafasi ipo. Wakati wa mvua, geuza alasiri iwe ya mahindi ya kuchoma, na uwe na mahali pa kujikinga ulipopachagua mapema, kwa kuwa mvua ya Lubumbashi ikianza, mbabula zote hufunikwa kwa wakati mmoja na hakuna atakayepika mpaka ikate.